Majibu ya Masikio

3 Machi
Msimamizi wangu ameniambia niwe naandika kila siku nilichofanya. Si nitakachofanya, nilichofanya. Amesema mipango yangu ameshaisikia ya kutosha, sasa anataka habari. Nimetoka ofisini kwake, nikapita dukani, nikanunua daftari. Basi, habari ya leo ndiyo hiyo.

Mvua imeanza alasiri.

4 Machi
Nimepanga ratiba. Nimetumia kalamu za rangi: nyekundu ya kuandika, kijani ya kusoma, bluu ya kupumzika. Imependeza kweli. Nimeibandika ukutani juu ya kitanda, kisha nikalala chini yake.

5 Machi
Nimefua.

7 Machi
Labda nieleze, maana daftari halijui kitu. Ninasomea afya ya jamii. Huu ni mwaka wangu wa mwisho, na mwaka jana pia ulikuwa wa mwisho. Mitihani yote nimefaulu. Kilichobaki ni tasnifu.

Mwaka jana, jua lilipokuwa kali, nilikwenda kwenye karakana ya vyuma iliyo ng'ambo ya reli, wanakotengeneza mageti, madirisha na matangi ya maji. Kelele za pale unazisikia kwa meno kabla ya masikio. Nilishinda nao mwezi mzima. Nilipima kelele za kila mashine, kisha wakati wa chakula, mashine zikiwa zimezimwa, niliwaingiza mafundi mmoja mmoja kwenye stoo ya rangi nikawapima masikio. Walijibu maswali yangu yote, hata ya kipuuzi. Wakanipa jina: Dada Masikio.

Siku ya kuagana, nyapara aliwakusanya wote akaniuliza mbele yao, majibu yatatoka lini? Nikawaambia mwezi hautakwisha. Nitayaleta yameandikwa, nakala moja yao, nakala moja ya tajiri mwenye karakana.

Karatasi zote zimo kwenye katoni chini ya kitanda. Nikifagia naivuta, nikimaliza naisukuma irudi. Ni mwaka sasa.

8 Machi
Mama amepiga simu, kama kila Jumamosi. Ameuliza, "Umefika wapi?" Nikasema nimefika pazuri. Akashukuru Mungu, akanikumbusha kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Yangu hayaumi. Nadhani shida ndiyo hiyo.

11 Machi
Nimeandika kichwa cha sura ya kwanza. Nikakikuza, nikakipunguza, nikakiweka katikati, nikakirudisha pembeni. Sasa kimekaa vizuri. Chini yake hakuna kitu.

13 Machi
Leo nimefanya kazi kutwa nzima, bila kuinua kichwa. Si yangu. Ni ya mwenzangu wa chumbani. Anasomea uhasibu, na sote tunamwita Chapuchapu, maana hata chai huinywa amesimama. Aliniomba niipitie tasnifu yake kidogo tu. Nimeinyoosha yote, toka dibaji mpaka marejeo. Aliporudi akaipekua, akakaa kitandani akanitazama.

"We dada, mikono unayo. Sasa yako inakushinda nini?"

Hakuuliza kwa ubaya. Nikacheka, nikasema yangu kesho. Ukweli ni kwamba kazi ya mwenzio haikutazami usoni.

17 Machi
Nyapara wa karakana amepiga. Nimeiacha simu ikaita mpaka ikachoka. Baadaye akatuma ujumbe: "Salaam Dada Masikio. Majibu yetu vipi? Redio hali yake si nzuri."

Redio ni fundi wa grenda, ile mashine ya kusagia chuma. Wamempa jina hilo kwa sababu hazimi. Anaimba akikata chuma, anaimba akila, anasimulia hadithi kwa sauti ya mtu aliye ng'ambo ya mto. Wenzake walidhani ni uchangamfu. Nilipompima, sikio la kulia lilikuwa limekwisha, la kushoto limebaki nusu. Nikamwambia palepale kwamba aondoke kwenye grenda. Akasema alishamwambia tajiri kwamba kichwa kinamvumia, tajiri akamwambia anywe maji.

"Wewe andika," akaniambia. "Mdomo wangu tajiri ameshauzoea. Karatasi bado hajaizoea."

Nimemjibu nyapara kwamba majibu yanakaribia.

20 Machi
Mvua. Sikufanya kitu.

22 Machi
Mama: umefika wapi? Mimi: pazuri.

24 Machi
Nimeivuta katoni nikaifungua. Ukuta wa upande ule unatoa unyevu, karatasi za chini zimeanza kujikunja. Juu kabisa ilikuwa fomu ya mtu anayepiga rangi, na mwandiko wangu wa mwaka jana, mwandiko wa mtu mwenye haraka na furaha. Nimeisoma mistari michache tu, moyo ukaanza kwenda mbio kana kwamba nimeshikwa na kitu cha wizi. Nikaifunga.

Watu hudhani mimi ni mvivu. Mvivu hufurahia kupumzika. Mimi sijapumzika toka mwaka jana. Iko hivi: tasnifu ikiwa bado kichwani ni nzuri mno. Haina kosa hata moja. Siku nitakayoandika sentensi ya kwanza itaanza kuwa mbaya, na itaendelea kuwa mbaya mpaka mwisho, na ubaya huo utakuwa na jina langu juu yake.

Baada ya hapo nimesugua jiko la Chapuchapu mpaka likang'aa.

26 Machi
Nimesoma makala ya namna ya kushinda tabia ya kuahirisha. Wanasema ufanye kazi kidogo, kisha upumzike kidogo. Nimeanza na kupumzika.

29 Machi
Mama amesema fundi cherehani anaulizia vipimo vya gauni langu la mahafali. Nimempa. Kiuno nimepunguza kidogo.

2 Aprili
Nimekwenda kwa msimamizi. Ni mwanamke mkubwa kiumri, asiye na maneno mengi, anayevua miwani anapotaka kusema jambo zito. Ameniomba nimsomee daftari hili. Nimemsomea. Palipoandikwa "Nimefua" amecheka sana. Palipofuata hakucheka. Nilipofika kwa Redio akavua miwani.

Amesema mwisho ni tarehe thelathini Mei. Chuo kimeshaniongezea muda mara mbili, hakitaongeza tena. Tarehe hiyo ikipita jina langu linatolewa.

"Binti, mimi sikuhukumu," amesema. "Lakini sitakusukuma tena. Mkono umechoka."

Nimetoka nikiwa nimeamua. Nimefika chumbani uamuzi umeshalowa kama viatu.

5 Aprili
Pazuri, mama.

9 Aprili
Nimeandika aya mbili! Mbili nzima, kuhusu kelele ni nini na hupimwaje. Nimejiona mtu. Nimetoka kutembea kujipongeza, mvua ikanikuta njiani, na hata hilo sikulijali.

10 Aprili
Nimezisoma zile aya. Nimezifuta.

14 Aprili
Sijui nianzie wapi. Nianzie kwenye simu.

Ilianza kuita mchana tukiwa chumbani. Nikaona jina la nyapara, nikaigeuza uso chini. Ikakatika, ikaita tena. Mara ya tatu Chapuchapu akashindwa kuvumilia. Akasema simu inalia kama mtoto na mimi nimekaa tu. Akaipokea mwenyewe, akasikiliza kidogo, uso wake ukabadilika, akanipa.

Nyapara alisema Redio amegongwa na lori ndani ya karakana. Lilikuwa lori la nondo, linarudi nyuma uani, kwenye matope. Ilikuwa wakati wa mapumziko, mashine zote kimya. Redio alikuwa bombani ananawa mikono, ameligeuzia lori mgongo. Dereva alipiga honi. Magurudumu yakateleza, lori likaanza kwenda upande wake, watu wote wakapiga kelele. Waliokuwa ndani walisikia. Jirani wa ng'ambo ya barabara alisikia, akatoka mbio.

"Alikuwa anaimba," nyapara akasema. "Sisi tunamwita, yeye anaimba."

Lori lilimbana mguu kwenye rundo la mabomba. Walitumia jeki kumtoa. Wamempeleka hospitali.

Nikamwambia pole. Nikasema pole tena. Kisha akauliza, taratibu, kama mtu anayeulizia kitu alichoacha kwangu:

"Yale majibu yalikuwa yanasemaje?"

Ningeweza kumwambia. Nayajua kwa moyo, sikio moja moja. Lakini ulimi ukasema lile ulilozoea.

"Bado," nikasema.

Akasema haya. Akakata simu.

Chapuchapu aliniuliza ni nani huyo aliyeumia. Nikamwambia ni mtu wa utafiti wangu. Akaangalia chini ya kitanda, kisha akaniangalia, kisha akachukua mwavuli akatoka. Nadhani alitaka nilie peke yangu. Sikulia. Nilikaa hivyohivyo mpaka aliporudi.

16 Aprili
Sijafanya kitu.

17 Aprili
Sijafanya kitu.

19 Aprili
Mama amepiga. Nimemwambia nina mafua, sauti imekauka. Ameniambia ninywe vitu vya moto.

21 Aprili
Zamani nilidhani mtu akipata fundisho hubadilika siku hiyohiyo. Anasimama, anafuta machozi, anafanya kazi kama moto. Si kweli. Lawama si mjeledi, ni jiwe. Halikupeleki mbele, linakukalia. Toka siku ile sijagusa katoni, na hospitali sijakwenda pia. Kila asubuhi najiambia niende. Kila jioni nakuta imeshakuwa jioni. Hata kumwona mgonjwa kumekuwa tasnifu.

23 Aprili
Nimekwenda. Chapuchapu ndiye aliyenipeleka. Alivaa viatu, akasimama mlangoni, akasema yeye anakwenda kumwona yule mtu wangu, kama nataka nimfuate. Nikamfuata.

Ni wodi ndefu yenye vitanda pande mbili na madirisha yasiyofungika, mvua inarusha matone mpaka sakafuni. Redio yuko kitanda cha karibu na mlango. Wamemkata mguu juu ya goti. Alikuwa ameegemea mito, uso umepungua, lakini aliponiona akanyanyua mkono.

"Dada Masikio!" Wodi nzima ikageuka.

Mkewe alikuwa kando, mwanamke mfupi, amekunja mikono. Kabla sijamsalimia, muuguzi akafika na sinia la dawa. Akaanza kumgombeza Redio kwamba ameambiwa mara ngapi asilalie upande wa kidonda, na kila siku anatikisa kichwa kukubali, na kila siku analalia. Mgonjwa mkaidi, alisema. Redio akamtabasamia akatikisa kichwa.

"Hasikii," nikasema.

Muuguzi akashangaa. "Mbona anaitikia?"

"Anaitikia midomo inayocheza. Akiona mtu amemaliza kusema, anakubali."

Nilipolisema hilo nikaona mke wake anaweka mkono mdomoni. Muuguzi naye akasimama na sinia lake. Nikatoa karatasi mkobani, nikaandika: *Usilalie upande wa kidonda. Utachelewa kupona.* Nikampa. Alisoma polepole, midomo ikicheza.

"Kumbe ndiyo wanalosema," akasema. "Mimi nilidhani wananisalimia."

Mgonjwa wa kitanda cha jirani akacheka. Redio akacheka pia, kisha akaacha. Akaitazama karatasi. Akaniambia nimuulize muuguzi, siku ile kabla ya kumkata, walimuuliza?

Muuguzi akajibu kwa sauti ndogo, akinitazama mimi. Yeye mwenyewe alikuwepo. Daktari alimweleza mgonjwa kila kitu: kwamba mguu umeharibika, kwamba kuna njia ya kujaribu kuuokoa lakini ni ya hatari, anaweza kupoteza maisha. Akamuuliza, tukate? Mkewe alikuwa bado njiani. Mgonjwa alitikisa kichwa kukubali.

Redio alikuwa anaitazama kalamu yangu. Sikuwa na pa kukimbilia. Niliandika: *Walikuuliza. Ulitikisa kichwa kukubali.*

Akasoma. Akarudia. Akaikunja ile karatasi, akaiweka chini ya mto.

"Basi nilikubali," akasema. Alilisema kwa sauti ya chini kabisa. Sikujua kama sauti ya namna hiyo anayo.

Tulipokuwa tunatoka mkewe alitusindikiza mpaka kwenye ngazi. Akaniuliza kama mimi ndiye yule niliyempima mumewe mwaka jana. Nikasema ndimi. Akasema mumewe alikuwa anamwambia kwamba kuna dada ataleta karatasi, na karatasi ikija atahamishiwa kwenye kupaka rangi.

"Ungeleta," akasema.

Hakupandisha sauti, wala hakungoja nijibu. Alirudi kwa mgonjwa wake.

24 Aprili
Nimekwenda tena, peke yangu, saa za kuangalia wagonjwa. Nimemwandikia aliyosema daktari, aliyosema muuguzi, na aliyosema mkewe, ambaye hajui kuandika haraka. Mzee wa kitanda cha pili alikuwa ananung'unika. Redio akauliza anasemaje. Nikaandika: *Anasema unaongea sana.* Amefurahi kupita dawa zote.

25 Aprili
Hospitali.

26 Aprili
Hospitali. Sikupokea simu ya mama, nilikuwa naandika maelezo ya vidonge.

28 Aprili
Leo dawa zilimlaza. Mkewe alikwenda kufua. Nimebaki kwenye kiti na rundo la karatasi mapajani na kalamu mkononi, na kwa kuwa kalamu ilikuwa imeshafunguliwa, nimeandika. Nimeandika jinsi stoo ya rangi ilivyokuwa: upana wake, harufu yake, makopo yaliyopangwa ukutani, nilivyowapima watu humo na kwa nini humo. Maneno makavu, bila madoido. Ukurasa umejaa. Nilitaka kuusoma upya, lakini Redio akaamka akitaka maji na kutaka kujua mvua imenyesha au bado. Nikageuza karatasi nikamwandikia nyuma yake: *Bado inanyesha.* Hivyo sikupata nafasi ya kuufuta.

30 Aprili
Kurasa tatu. Nyuma yake kuna dawa, choo, na habari za mpira.

3 Mei
Mama: "Umefika wapi?"

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema pazuri. Sijui ni nini kilichonishika. Labda ni kule kuandika kutwa yale ambayo watu wamesema kweli, bila kuongeza.

"Mama, sikuwa nimeanza. Nimeanza wiki hii."

Nikasikia redio ya jirani upande wake.

"Mwaka mzima?"

"Mwaka mzima."

Akasema ana sufuria jikoni. Akakata.

10 Mei
Jumamosi. Mama hakupiga.

12 Mei
Nimempelekea msimamizi sura mbili, na nimemweleza habari ya Redio tangu mwanzo. Nilitaka anilaumu. Kama hataki kunilaumu, basi anisamehe. Amefanya yote mawili kuwa magumu.

Ameniuliza kama nadhani tajiri angeisoma karatasi yangu. Nikasema sijui. Akasema yeye ameandika ripoti kama hizo toka mimi sijazaliwa, za vumbi, za moshi, za maji machafu. Zimepokelewa kwa heshima zote, na hajaona mashine hata moja iliyozimwa kwa sababu yake. Kwa hiyo nisijipe ukubwa nisio nao.

Nikahisi pumzi inashuka. Ndipo akavua miwani.

"Lakini ungeandika, leo tungejua. Sasa hatutajua kamwe."

16 Mei
Redio ameruhusiwa kutoka. Wanahamia kwa kaka yake, mbali, safari ya siku nzima kwa basi. Mkewe amefunga vitu vyao kwenye shuka. Aliniaga kwa mkono, na mkono wake ulikaa kwenye wangu kidogo. Sijui maana yake na sitaki kuibuni.

Siku hizi Redio haimbi. Nilimwandikia kumuuliza. Akasema anapoimba hajui kama sauti inatoka au haitoki, na tangu siku ya lori anaogopa kisichomfikia. Kisha akaniambia nikimaliza ile kazi nisimpelekee yeye, haitamsaidia. Niwapelekee waliobaki.

Wakambeba mpaka kwenye gari. Mvua ilikuwa nyembamba kama vumbi.

18 Mei
Nimefua.

19 Mei
Nimepanga vitabu kwa urefu.

21 Mei
Ndiyo hivyo, basi. Sikupona. Nilidhani nimepona, kumbe nilikuwa nimeazima kiti cha wodini. Chumbani kalamu haifunguki.

22 Mei
Nimerudi hospitali. Si wodini, nimekaa kwenye benchi la mapokezi, kati ya watu wanaokohoa na watoto wanaolia, nikaandika. Mlinzi aliniuliza namsubiri nani. Nikamwambia namsubiri mgonjwa wangu. Akasema pole, akanisogezea ndoo iliyokuwa inakinga tone la paa ili nisilowe.

25 Mei
Benchi. Sura ya tatu.

27 Mei
Benchi. Majedwali. Nimeingiza masikio ya watu wote. Nilipofika kwa Redio nimeandika namba zake kama za wengine, nikapita.

29 Mei
Chapuchapu amekaa nami kuanzia asubuhi, mimi nasoma kwa mdomo yeye anachapa. Yeye alishawasilisha yake zamani, alipaswa kuwa kwao. Sura mbili bado.

30 Mei
Nimepeleka ilivyo. Karani wa ofisi ya masomo ameihesabu, akaitafuta sura ya majadiliano, akaitafuta ya hitimisho, akanirudishia.

"Haijakamilika, dada."

Nikamwambia najua. Akasema basi hawezi kuipokea. Alikuwa na huruma, kosa halikuwa lake. Nikamuuliza kama naweza kuileta kesho. Nikalisikia hilo neno lilivyotoka.

Msimamizi amesema amesikitika. Ameniruhusu kumtumia nikimaliza, ataisoma, lakini chuo hakitakuwa na habari nayo.

2 Juni
Jina langu limetolewa. Chapuchapu ameondoka na masanduku yake. Chumba natakiwa kukiacha mwisho wa mwezi.

7 Juni
Nimemaliza.

Hakuna aliyekuwa anasubiri. Nilikuwa kwenye benchi, nikaandika nukta, nikatazama huku na huku. Mwanamke wa pembeni alikuwa amelala na mtoto wake. Kazi si nzuri kama ile ya kichwani. Sura ya pili imepinda, hitimisho ni fupi. Lakini ile ya kichwani hakuna mtu anayeweza kuishika mkononi.

Nimempigia mama. Sauti yake ilikuwa ya heshima, kama anaongea na mgeni. Nikamwambia nimemaliza.

"Watakupa shahada?"

"Hapana, mama. Muda umepita."

Akafikiri. "Sasa umemmalizia nani?"

Kisha akaniaga. Gauni lilikuwa limeshashonwa, aliniambia, atampa mdogo wangu.

9 Juni
Mvua imekwisha. Asubuhi kulikuwa na jua la kuumiza macho, na matope ya uani kwenye karakana yamekauka na alama za magurudumu ndani yake.

Nimeanzia kwa tajiri. Ofisi yake ina kioo kinachotazama mashine, na mlango wake ukifungwa kelele hupungua mpaka mtu anaweza kunong'ona. Nimempa nakala yake kwa mikono miwili. Amesoma ukurasa wa kwanza, akapekua majedwali, akauliza mageti yake yanahusikaje na masikio ya watu. Nikamwonyesha. Nikamwonyesha na mstari wa Redio. Akaupitishia kidole.

"Mbona mwaka jana hukuniletea?" akasema. "Ningefanya jambo."

Labda ni kweli. Labda ni maneno ambayo mtu husema akishajua hayatamgharimu. Nimemtazama usoni nikitafuta ni lipi, na nimeshindwa. Akaiweka karatasi kwenye droo, akasema ataipitia akipata nafasi. Ninaijua hiyo nafasi. Nimeishi humo.

Nyapara alizima mashine nipate kuwasomea mafundi. Hakunisalimia kwa jina la Dada Masikio, alinisalimia tu. Wakakaa kwenye mabomba, wengine wakisogea mbele na kukinga mkono sikioni. Nimewasomea, kisha nikampa kila mtu karatasi yake. Wawili waliniomba niwasomee tena kwa nguvu. Mmoja aliikunja bila kuitazama akaitia mfukoni. Mchomeleaji mmoja alichana pamba kutoka kwenye godoro kuukuu, akajaza masikioni, wenzake wakamcheka, kisha wawili wakamwomba kidogo.

Walipokuwa wanatawanyika, kijana wa watu, mwenye ndevu chache na mikono mipya isiyo na makovu, akabaki. Ndiye aliyechukua grenda baada ya Redio. Ameanza mwezi uliopita.

"Na yangu?" akauliza.

Sikuwa na yake. Nikataka kumwambia nitarudi na mashine ya kupimia. Nikakumbuka mashine ni ya chuo, na mimi chuo hakinijui. Nikataka kumwambia basi aje siku nyingine, nitaulizia mahali. Neno lilikuwa tayari mdomoni, limeiva.

Nikamwambia twende.

Tumeingia kwenye stoo ya rangi. Nikamsimamisha akitazama ukuta, nikamwambia azibe sikio moja kwa kidole. Nikasimama nyuma yake, umbali wa mkono, nikanong'ona namba na herufi. Hivyo ndivyo walivyopima watu kabla ya mashine, na si vibaya. Sikio la kulia alinirudishia zote, upesi, kwa majivuno kidogo. Nikamwambia abadilishe upande. Nikanong'ona tena: saba, m, nne.

Alitulia. Nikaona mabega yake yamekaza, anasikiliza kwa adabu.

"Anza tu, dada," akasema. "Niko tayari."

Nikarudia. Akaendelea kungoja.

Nimeandika palepale, juu ya kifuniko cha kopo la rangi, sikio lipi, tarehe, na kwamba aondolewe kwenye grenda. Nimempa nakala yake, nyingine nimeipeleka mwenyewe kwa tajiri, nikasimama mbele yake mpaka akaisoma yote. Akasema atafikiria.

Nilipokuwa napita getini grenda iliwaka. Niligeuka. Kijana alikuwa ameinamia chuma, karatasi yangu inachungulia kutoka mfuko wa nyuma wa suruali, cheche zinaruka.